Sifa za Diski Nzito

Wako waliosifu simba, wako waliosifu majahazi, na wako waliomaliza wino wa umri wao kuwasifu mabwana wasiostahili hata nukta. Bali sijapata kumsikia mtu akisimama mbele ya hadhara kuisifu diski ya kipakatalishi kilichozeeka, ile inayozunguka kwa mnong'ono, inayochoma mapaja, na inayoifungua barua ya ukurasa mmoja kwa ajizi ya kumchosha hata Nabii Ayubu. Dhuluma hii imeniuma, na maadamu hajatokea wakili, nauchukua utetezi huu mimi, bila ujira na, huenda, bila insafu.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa asiyetajiwa ukoo amesifiwa nusu. Babu wa diski hii alizaliwa Marekani mwaka 1956, katika kampuni ya IBM, akaitwa RAMAC: mwili wake sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito wake takriban tani moja, na hazina yake yote herufi milioni 5, ambazo leo hazitoshi picha chache za harusi zilizopigwa kwa simu. Mjukuu amejikunja hadi inchi mbili na nusu, akaweza kuingia mfukoni mwa shati, wala hakuiacha kazi ya ukoo: sahani zake hujipindua mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa pumzi ya hewa iliyo nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Kiumbe anayebebwa mkobani juu ya bodaboda, akarushwa na kila tuta baina ya Kanyadhiang na soko la mji wetu wa Kendu Bay, kisha akafika na kuanza tena kuelea kwa adabu ile ile, naye bado akaitwa mvivu, ana haki ya kuushitaki ulimwengu.

Fadhila yake ya kwanza ni kuwafundisha watu subira. Kipakatalishi kinapoamka huhitaji kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kwa kila moja mkono wa diski hauna budi kusafiri hadi mahali pake, kisha ungoje sahani ilizungushe lile linalotakiwa mpaka lifike chini ya kichwa. Safari moja yaweza kula sehemu ya mia ya sekunde, na sehemu hizo zikirundikana huzaa dakika. Katika dakika hizo mji wetu ulikuwa mji wa watu wanaojuliana hali. Aliyekwenda saiba kuandika ombi la kazi aliweza kubonyeza kitufe, akatoka kibarazani, akauliza bei ya omena, akampa pole jirani aliyefiwa. Na aliyesikia adhana ya adhuhuri aliweza kutawadha, akasali bila pupa, akarudi na kukikuta kile kiduara cha samawati kingali kikizunguka. Walimu wa akhlaki wamehangaika karne na karne kuwatafutia wanadamu wasaa wa kutafakari. Diski ilitupa wasaa huo bila karo na bila hotuba.

Fadhila ya pili ni uwazi wake mbele ya mauti. Aghalabu diski hii haifi bila kuaga: hugonga ko, ko, ko, hukwaruza, husitasita, hata asiyejua lolote katika elimu ya umeme akatambua kwamba wakati wa kuandika wasia umewadia. Fadhila ya tatu ni rehema. Ukifuta faili kwa hasira au kwa usingizi, diski hufuta anwani tu, na yaliyomo hubaki palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwa hiyo fundi mwenye programu yake aweza mara nyingi kumrudishia mja kile alichokwisha kukililia. Ama joto lake, hilo nalo ni hidaya, ijapokuwa hapa Kendu Bay, ambako jua la ziwani halijapata kuomba msaidizi, hidaya hiyo huwafika watu walioshiba.

Sasa amekuja mpinzani, nayo ni SSD, mtoto wa kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Haina sahani wala mkono. Huhifadhi maneno kwa chaji ya umeme iliyofungiwa katika vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Fundi hufungua kipakatalishi, akaing'oa ile sehemu ya kusomea DVD ambayo siku hizi haina cha kusoma, akaipachika diski ya zamani mahali pake ndani ya kikasha chembamba, na ile nafasi ya mbele akaipa SSD pamoja na mfumo endeshi wote. Kuanzia hapo mashine huwaka kabla mtu hajavuta kiti, na vijana waliosimama pembeni husema kwa sauti moja: ile nzee ya nini tena, itupwe!

Hapo ndipo ninapowakumbusha adabu ya boma la Kijaluo. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango, na haiondoki hapo hata waje wake wangapi; mdogo hupewa mbio, mkubwa hushika ghala. Hivyo SSD na iwe na programu na pilika za kila saa, na diski ikabidhiwe picha za arusi, kumbukumbu za shule, nyimbo za kwaya na video ndefu za mazishi. Maana nafasi yake ni ya bei nafuu, na vyumba vya SSD huchakaa kila vinapofutwa na kuandikwa upya, na ikiwekwa kabatini muda mrefu bila umeme chaji yake huweza kuvuja. Jirani yetu Gendia, ambako wamisionari Waadventista waliofika mwaka 1906 walikuja kusimika mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiluo, iliwafunza wazee wetu kwamba neno hudumu likikabidhiwa kitu kizito.

Na ambaye hayo hayajamtosha, hapa karibu pana ziwa la Simbi Nyaima, ambapo, kwa masimulizi ya wazee, palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee usiku wa karamu, na maji yakakimeza chote, asisalimike ila mwanamke aliyemkaribisha. Sisemi kwamba diski ikitupwa kipakatalishi kitafurika. Nasema kwamba sisi wa huku tunajua kuliko wengine gharama ya kumtimua mzee mlangoni kabla ya kumwuliza amebeba nini.

Basi Mola aipe umri mrefu, nasi atupe akili ya kutouamini sana umri huo. Siku ile itakapoanza kugonga ko, ko, ko, nakala ya pili iwe imekwisha kufanywa na kuwekwa kwingine. Kwa maana mpenzi wa kweli wa diski ni yule anayeisifu mchana na kuinakili usiku.