Barua ya wazi kwa shirika la ndege lililotupeleka Nairobi

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Shirika la Ndege (jina mwalijua, nasi twalijua)

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi na mke wangu tumerudi salama, na mizigo yetu imerudi salama kasoro kopo moja, ambalo nitalifikia. Nakuandikia kushukuru. Wengi wakisafiri nanyi huandika kulalamika, nami naona huo ni utovu wa fadhila: kwa tiketi ya kwenda na kurudi tu, mmetusomesha hesabu ambayo darasani hatukuipata.

Julai hii tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wakasema, msikae tu barazani, nendeni mkatembee siku tatu. Tukachagua Nairobi, kwa kuwa mke wangu amekwenda huko mara nyingi kwa hospitali na kwa misiba, na hajapata kuutazama mji wenyewe. Tukachagua ndege kwa sababu ya tangazo lenu: Nairobi kuanzia shilingi 3,900. Hapo nakiri kosa ni langu. Mimi nimekulia kando ya soko. Nilipaswa kujua kwamba muuza samaki akisema "kuanzia", anazungumzia dagaa.

Zile 3,900 zilikuwa za mtu mtupu, kama alivyozaliwa. Begi likaja na bei yake, kulipa kwa simu kukaja na bei yake. Kisha mkatuuliza kwa upole kama tungependa kuketi pamoja: shilingi 500 kwa kila mmoja, kwa kila safari. Mke wangu akaitazama ile simu, akanitazama mimi. "Miaka 25 nalala nawe bure," akasema, "leo nilipie kuketi nawe saa moja?" Tukakataa. Mashine yenu ikatuweka mimi 3A, yeye 16D.

Ijumaa alfajiri tukapanda tuktuk kutoka Mji wa Kale, na saa kumi na moja na nusu tulikuwa mbele ya mizani yenu. Begi letu lilisoma kilo 17.4. Ruhusa ni 15. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake, akatueleza kuwa kila kilo ya ziada ni shilingi 250, na kilo hazikatwi, kwa hivyo 2.4 ni tatu. Mke wangu hakubishana. Alifungua begi palepale sakafuni, akatoa leso jozi tatu alizokuwa anawapelekea watu, akajifunga ya kwanza, akajitanda ya pili, ya tatu akaizungusha shingoni. Begi likashuka hadi 15.9. Mbele ya macho ya yule kijana, kilo moja na nusu ilikuwa imetoka begini na sasa inakwenda kupanda ndege ileile kwa miguu yake, bila malipo. Nilitamani kumuuliza kama ndege inajua tofauti, lakini nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kukohoa.

Zile gramu 900 zilizobaki zilikuwa halua. Ilikuwa ndani ya kopo, zawadi ya kumpelekea mpwa wetu wa South C, Nairobi. Mikoba ya mkononi nayo ilishapimwa ikajaa. Kijana akasema, "Mama, niachie, Jumapili mkirudi mtaikuta." Tukamwachia.

Hapo ndipo nilipouona ustadi wenu. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane aliingia mama mmoja akikimbia, mtoto mgongoni. Ndege ilikuwa ya saa moja kamili, na dirisha hufungwa dakika 45 kabla. Amechelewa dakika tatu. Alisihi, alionyesha mtoto, alionyesha tiketi. Kaunta ikamwambia sheria ni sheria. Nikasema moyoni, hawa watu wanazijua dakika.

Saa moja kasoro dakika ishirini mkatangaza kwamba ndege itachelewa kidogo kwa sababu za kiutendaji. Tukaruka saa kumi na moja jioni.

Yaani yule mama hakuchelewa. Aliwahi kwa zaidi ya saa kumi.

Sitaki mzee wa watu nionekane mnung'unikaji, kwani siku ile haikukosa burudani. Pembeni yetu aliketi bwana mmoja ambaye nduguye alikuwa amepanda treni ya Nairobi ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama kila mahali, daraja la shilingi 1,500. Basi sote tukawa tunaifuata safari ya nduguye kwa simu. Wamepita Mariakani. Wako Voi. Wako Mtito Andei, wamewaona tembo njiani, picha hii hapa. Simu ikazunguka kutoka mkono hadi mkono, nasi abiria wa ndege tukawatazama tembo wa abiria wa treni. Mkatuletea juisi ya boksi na kipande cha keki. Wako Emali. Saa nane na kitu bwana akapokea simu ya mwisho, akacheka, akatutangazia kwa sauti ya mhudumu wenu: "Wameshuka."

Nairobi yenyewe, Mheshimiwa, ni mtoto wa reli. Ilianza 1899 kama kambi ya mafundi waliokuwa wakitandika reli kutoka Mombasa, kazi waliyoianza 1896. Iliwachukua miaka mitatu kufika. Ilipogonga saa tisa alasiri nilianza kuwaona kama watu wenye haraka.

Angani hapakuwa na shida. Mke wangu alikuwa ametamani jambo moja katika ndege, kuuona mlima Kilimanjaro dirishani. Mlima ulitokea, upande wangu wa kushoto, kichwa juu ya mawingu na jua la jioni limeukaa begani. Yeye alikuwa 16D, upande wa pili, kando ya njia. Nikageuka nikaona leso yake tu, safu kumi na tatu nyuma. Nikamwonyesha mlima kijana wa watu aliyeketi kando yangu. Akasema, "Sawa mzee," akarudi kwenye simu yake.

Tulishuka uwanja wa ndege wa Embakasi giza limeanza kuingia. Jina la Nairobi limetoka kwa Wamaasai, maana yake maji baridi, na Julai hawakuwa wanatania. Zile leso tatu hakuzivua hadi hotelini. Ijumaa ikawa imekwisha.

Jumamosi ilikuwa yetu. Tulikwenda kuwaona tembo yatima wa Sheldrick, pembeni ya mbuga ya Nairobi, ambao hupokea wageni saa moja tu kwa siku: saa tano hadi saa sita mchana. Saa tano ilipofika wakatokea kichakani kwa mstari, walezi wao wamevaa makoti ya kijani, na kila ndama akaiendea chupa yake ya maziwa kama anayechelewa kazini. Mmoja mdogo kabisa alikuwa amefungwa blanketi mgongoni. Mke wangu, aliyejitanda leso mbili juu ya buibui, alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu naye," akaninong'oneza, "begi lake lilizidi." Saa sita wakaondoka. Hawana rubani wala kompyuta, tena ni yatima.

Usiku, saa sita kasoro, simu ikalia. Ujumbe wenu. Ndege yetu ya Jumapili saa kumi na mbili jioni sasa itaondoka saa nne asubuhi, kwa sababu za kiutendaji, na mnaomba radhi. Twiga wa Lang'ata tuliopanga kuwaona tukawaacha, chakula cha mchana South C tukakifuta kwa simu, mpwa wetu akadhani tumekasirika. Na Jumapili, bila aibu, mkaruka saa nne kamili.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, nimepiga hesabu kwa njia yenu. Kwenda mlitutoza saa kumi, kurudi mkatupunja nane, jumla kumi na nane. Nimezipiga kwa bei yenu ya ziada, 250: ni 4,500 kwa mtu, 9,000 kwa wawili. Saa hazikatwi. Zile dakika nyingine nimewasamehe, wekeni kwenye kodi. Dirisha langu la kupokea malipo litafungwa Ijumaa saa sita mchana, na tafadhali msije mkikimbia saa sita na dakika tatu.

Limebaki lile kopo. Jumapili tulipouliza, kaunta ilikuwa na kijana mwingine, naye hakuwa na habari yoyote ya halua. Halua hatuidai. Kama ilishaliwa, natumaini mliila na kahawa chungu, maana peke yake inakinaisha. Lakini kopo lenyewe ni la bluu, lina mfuniko uliobonyea upande mmoja, na si letu. Ni la mama mkwe wangu, na ameshaliulizia mara mbili.

Wako katika subira,
Abiria wa 3A, kwa niaba yake na ya 16D