Heri Yako, X Nyekundu

Katika watumishi wote wa umma wanaotembelea mitaa yetu ya Dar es Salaam, hakuna anayestahili sifa kuliko X nyekundu, ile inayochorwa kwenye ukuta wa nyumba ya kubomolewa. Haina ofisi wala sekretari. Haidai posho. Haijawahi kumwambia mtu "njoo kesho, bosi katoka." Ikitumwa asubuhi, saa nne imeshamaliza kazi, na ujumbe wake anauelewa hata bibi ambaye hakukanyaga darasa. Kila Mei Mosi nasikiliza wafanyakazi bora wakitajwa, na kila mwaka wanaisahau.

Tuanze na usomi wake, maana wengi huidharau kwa kuwa ni herufi moja. Mtu anayejijengea vyumba vitatu na sebule ana rundo la sheria za kumpita kichwani: Sheria ya Ardhi ya 1999, Sheria ya Mazingira ya 2004, Sheria ya Mipango Miji ya 2007, Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo, kanuni za hizo sheria, sheria ndogo za halmashauri, na mabadiliko yanayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, gazeti ambalo sijawahi kuliona limetandazwa kwa muuza magazeti kati ya habari za Simba na za Yanga. Machi 2025 ilizinduliwa Dodoma Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, Toleo la 2023. Msomaji asidhani mchapaji kateleza; miaka yote mitatu ni sahihi. Sasa nani atampelekea mwenye kiwanja wa Mbezi au Goba habari zote hizi, kwa ufupi, mpaka mlangoni? Semina hufanyika hotelini na mwaliko hautufikii. X inafika, na kwa mistari miwili inayokatana inamaliza yote.

Niliwahi kusimama nikaitazama ikichorwa. Vijana wawili walishuka kwenye pikapu. Mmoja akaenda kusimama katikati ya lami na ncha ya tepu, bodaboda wakimpigia honi na kumtukania mama yake, mwenzake akaivuta tepu kuvuka mtaro, kibanda cha chipsi na geti, mpaka ukutani. Mama mwenye nyumba akatoka na khanga begani. Alidhani ni watu wa maji. "Karibuni wanangu, mita iko huku nyuma."

"Asante mama, hapa hapa panatosha," akajibu mwenye kopo, kwa adabu kabisa, akachovya brashi. Mguu mmoja wa X ulichuruzika mpaka barazani. Plasta ilikuwa mbichi bado, ile ya kijivu cha kuiva inayomfanya mwenye nyumba aipapase kila apitapo. Nyumba ya pili, fundi aliyekuwa juu ya ngazi akifunga nondo za lenta aligeuka, akauliza swali ambalo sijaona kanuni yoyote ikilijibu: "Bosi, zege tumwage au tusubiri?"

Walimwaga. Saruji ilikuwa imeshachanganywa.

Mbali na usomi, X ni mwanahistoria. Zamani, kwa sheria iliyoanzia 1932, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, mita zikawa 30. Mtu aliyejenga mwaka 1998 akaacha mita 25, akapima mwenyewe, akamwita na mjumbe ashuhudie, alikuwa mtii wa sheria kwa miaka kadhaa. Kisha akalala nje ya hifadhi, akaamka ndani yake, wala kitanda hakikusogea. Kwa mtu wa namna hii X ina huruma: humvalia kijani. Kijani maana yake barabara imemfuata, atalipwa fidia. Nyekundu maana yake yeye ndiye aliyeifuata barabara, avunje mwenyewe na matofali abebe. Nadhani ni watu wachache walioweza kuweka sheria ya ardhi kwenye makopo mawili ya rangi.

Kijani nacho kina adabu zake. Mwenye X ya kijani hapaswi kuongeza chumba, benki haimwelewi, mnunuzi akiiona anageuza gari. Anangoja tathmini, akimaliza kungoja tathmini anangoja malipo. Jirani yake mwenye nyekundu ameshalia, ameshahamia kwa shemeji, ameshaanza msingi kwingine, na yeye bado anapiga deki nyumba ambayo ni yake na si yake.

Pale Kimara X ilionyesha kipaji chake chote. Kati ya Kimara na Kiluvya hifadhi ya Barabara ya Morogoro haikuwa mita 30. Ilikuwa 121.5 kila upande. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuishi bila kusikia honi ya lori na bado akawa barabarani. Mwaka 2017 zilibomolewa nyumba zaidi ya elfu moja, pamoja na vituo vya mafuta na nyumba za ibada, na baadhi ya wenyewe walikuwa na kesi mahakamani. Aliyeishi pale miaka ishirini, akazaa na kuoza watoto pale, aliambiwa kwamba muda wote huo alikuwa amekaa kwenye lami ambayo haijamwagwa. Leo lami imemwagwa, barabara ni pana, nami nikipita pale na gari za Kibaha nashukuru. Sitajifanya siipendi. Mji wenye watu mamilioni hauwezi kupita kwenye njia mbili, na anayesema hifadhi za barabara zifutwe hajawahi kukaa saa tatu kwenye foleni ya Ubungo akiwa na mgonjwa.

Tena X haina ndugu. Novemba 2017 Rais Magufuli aliagiza kwamba jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo, na la Wizara ya Maji jirani yake, yavunjwe sehemu zilizoingia kwenye hifadhi. TANESCO, waliowasha taa nchi nzima, wakapigwa X na wao. Siku ile wenye nyumba wa Kimara walifarijika kidogo, faraja ya kufa kwa pamoja. Daraja la juu lililojengwa pale Ubungo lilikamilika, likapewa jina la Kijazi, likafunguliwa Februari 2021.

Lakini sifa kubwa ya X ni ukweli wake katikati ya adabu nyingi za wengine. Siku unanunua kiwanja, serikali ya mtaa inashuhudia mauziano, inapiga muhuri, inapokea ada yake. Siku unachimba msingi, kila kiongozi wa mtaa anapita na kusema "hongera." Nguzo ya umeme inaletwa, bomba la maji linaletwa. Hakuna aliyeuliza kibali cha ujenzi, au aliyeuliza alipewa ya soda akasahau swali. Tangu 2021 hata kodi ya jengo unakatwa ukinunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 kuanzia 2023, ghorofa lilikatwa 5,000 kwa kila sakafu, likapanda hadi 7,500. X haiizuii LUKU. Nyumba ina X mbele na mita ubavuni. Upande mmoja inaambiwa haipaswi kuwepo, upande wa pili inatozwa kila mwezi kwa kuwepo. Katika wote hao waliosema karibu, hongera na lipia, ni X pekee iliyokwambia ulikuwa umejenga wapi.

Tusisahau faida ndogondogo. Ndugu waliogombania nyumba ya marehemu baba kwa miaka, wakaloga na kulogana, hupatana siku moja X ikichorwa. Ghafla kila mmoja anakumbuka kwamba nyumba ilikuwa ya mwenzake. Wapangaji hupata ujasiri wa kuuliza, wakiwa na kodi ya miezi sita mfukoni, "Mzee, kwani sasa tunamlipa nani?" Mafundi wa rangi nao hula, maana wako wanaoipaka chokaa usiku. Mvua za masika zikipiga, X hujitokeza tena, ya waridi kidogo, imeoga.

Na bonde la Msimbazi lilitufundisha subira yake. Mwishoni mwa 2015 ilishuka Jangwani na Mkwajuni kwa jina la mazingira, kwa kuwa sheria inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba zikavunjwa, watu wakaambiwa waende popote, fidia hakuna. Miaka ikapita, ukaja mradi wa kuliendeleza bonde lilelile kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mikopo ya namna hiyo huja na masharti: anayehamishwa alipwe. Waliokutwa wangali pale wakafanyiwa tathmini, wakalipwa. Maji yale yale, mto ule ule. Aliyetii X ya kwanza aliondoka na bati zake kichwani. Sitasema ni somo gani raia mwema anapaswa kupata hapo, kwa sababu X yenyewe haijasema.

Ombi langu kwayo ni moja, nalo ni dogo: ije mapema. Itembelee kiwanja kikiwa bado na majani, kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga, siku ile dalali anapiga hatua na kusema "hapa mpaka pale kwenye mwembe." Brashi ni ile ile, rangi ni ile ile, na tepu hainogi zaidi ikivutwa kuvuka sebule ya mtu. Nilimweleza fundi wangu wazo hili, nikitarajia aniunge mkono. Akanitazama kwa huruma.

"Mzee, kwenye majani wataandika wapi? Lazima kwanza tuwajengee ukuta."

Kisha akashauri kwamba upande wa barabarani tuuache tofali tupu, plasta tupige nyuma tu kwa sasa. Nimekubali. Jumamosi tunapaua.