Sifa za Chenga

Waheshimiwa, wapo waliosifu tembo wa Katavi, wapo waliosifu asali. Mimi naomba dakika chache nizisifu chenga za mkanda wa video, pamoja na jamaa zake: mstari unaopanda kutoka chini ya kioo na rangi inayochuruzika.

Chenga hazikuzuka tu, zilisafiri. ITV ilipokuwa ikionyesha michezo ya kundi la Kaole, walikochipukia waigizaji akina Kanumba na Ray, mwenye deki pale Dar es Salaam alirekodi. Mkanda wa VHS hubeba mistari 240 hivi ya ukali wa picha, pungufu sana ya iliyorushwa hewani, na rangi ndiyo hubanwa zaidi. Rafiki akanakili, rafiki wa rafiki akanakili nakala. Basi nakala ya namna hiyo ikipanda treni ya Tabora hadi Mpanda, ikamaliziwa kwa lori hadi Kasekese, enzi ambazo Katavi ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Rukwa, ilifika imeshakula chumvi nyingi.

Na faida zake? Mwigizaji wa makamo alibaki kijana. Ndevu za gundi hazikuumbuka. Rangi ya mdomo ilihama mpaka shavuni, bibi harusi akapendeza maradufu. Sura zilipofifia, banda zima la video lilishiriki kutunga: huyu anasema yule ni mume, mwenzake anaapa ni shemeji, na mchezo ukawa miwili kwa kiingilio kimoja. Fundi wa kusafisha hedi ya deki kwa spiriti naye alipata mlo wake. Hata Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyetia sauti yake ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni, alikuwa na deni kwa chenga: picha ikizama, yeye ndiye aliyebaki akituambia nani kapigwa.

Lakini sifa kuu ni hii. Mkanda huchakaa pale unaporudishwa nyuma na kusimamishwa mara kwa mara. Ukitaka kujua kijiji kilipenda kipande gani, tafuta chenga zilikojaa. Mkanda msafi ni mkanda uliochosha watu.

Zilikuja VCD na nukta zao 352 kwa 288. Zenyewe zilileta miraba, na sina la kuzisifu. Miraba haina hata adabu ya kutikisika.

Siku hizi wapo wanaotaka kusafisha kila kitu. Wamarekani wanaweza: tamthilia yao ya runinga I Love Lucy ya 1951 ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ukali umo ndani unasubiri kuchotwa. Michezo iliyorekodiwa moja kwa moja kwenye mkanda wa video haina akiba hiyo, kwa hiyo kompyuta hubuni. Inamtia mwigizaji nyusi za mtu mwingine na kumpangia meno upya. Chenga, kwa heshima zake zote, hazikuwahi kumwongezea mtu jino.