Ukizaliwa Vuli, Usiseme

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana tarehe maalumu za kuchokozana. Kaskazini mwa Uingereza ni usiku wa tarehe 4 Novemba: watoto hung'oa mageti ya watu na kupaka vitasa vya milango asali ya miwa, na mwenye nyumba anatakiwa acheke. Baadhi ya majimbo ya Marekani hufanya mambo hayo tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya ile ya kuvaa vinyago. Sisi wa Konde, kisiwani Pemba, hatukungoja kupangiwa tarehe. Sisi tuna vuli, vuli ya Pemba mara nyingi huikuta karafuu mtini, na penye karafuu pana watu wengi, usingizi mchache na utani usio na kiasi.

Asiyewahi kulala nyumba ya karafuu nimweleze. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Jioni magunia yanamwagwa sakafuni, na baada ya sala ya isha kila mtu, mgeni na mwenyeji, anakaa kulizunguka lile tuta la kijani kuchambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Vidole vina kazi, mdomo hauna. Anayesinzia hupakwa masizi ya sufuria, taratibu, mfano wa masharubu. Asubuhi huenda dukani kununua sukari na kushangaa kwa nini leo watu wote wa Konde wanamwamkia kwa heshima. Watoto nao hutumwa nyumba ya pili wakaombe "ngojangoja". Mama wa nyumba ile, ambaye alitumwa hivyo hivyo utotoni, humkalisha mtoto mkekani na kumwambia, "Tulia mwanangu, inatafutwa." Inatafutwa mpaka magharibi.

Lakini hakuna utani mzito kama ukelele wa mvua. Karafuu mbichi inataka jua la siku kadhaa juu ya jamvi mpaka ikauke iwe kahawia na ivunjike kwa kidole. Ikilowa, rangi inaharibika na daraja linashuka. Na enzi ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, ikinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, hata asiyejua hesabu alijua hasara hiyo ni kiasi gani. Kwa hiyo mtu akipiga ukelele "Mvua!", hakuna anayepoteza wakati kutazama mbinguni. Watu wanakimbia tu. Ami yangu alikuwa kitandani na mgongo, hageuki, analishwa uji kwa kijiko. Ukelele ukapigwa. Aliruka kizingiti, akakunja jamvi zima peke yake, akalitia ndani, ndipo akaona jua linawaka na kijana mmoja yuko juu ya mwembe anacheka mpaka machozi. Ami alikasirika, lakini shangazi alikasirika zaidi: kuanzia siku hiyo malalamiko ya mgongo hayakusikilizwa tena nyumbani kwetu.

Sasa tuje kwenye siku za kuzaliwa. Kwa wazee wetu siku ya kuzaliwa inayojulikana ni ya Mtume, na husomewa maulidi Mfungo Sita. Zao wenyewe wanazikumbuka kwa matukio: huyu vuli ya kwanza baada ya Mapinduzi, yule msimu ambao karafuu zilibeba mpaka matawi yakakatika. Ukimuuliza bibi tarehe kamili, atakuuliza unataka kumfanyia nini. Tatizo ni kuwa karatasi haikubali vuli. Fomu inataka siku na mwezi, na mwenye kalamu akishachoka kuuliza, anaandika Januari mosi. Ndiyo maana kibaraza chetu kimejaa wazee waliozaliwa siku moja kama vifaranga, na wawili kati yao ni mtu na mjomba wake. Wasomali wengi waliohamia Marekani wana Januari mosi hiyo hiyo kwenye karatasi zao, kwa sababu zile zile.

Wala tusijione washamba. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta yule, aliishi umri wake wote akisema amezaliwa tarehe 4 Julai 1900. Alikuwa ameshazikwa zamani watu walipofukua kumbukumbu za ubatizo na kukuta ni 4 Agosti 1901. Hakupoteza kitu, maana tarehe 4 Agosti ndiyo ya Mzee Abeid Amani Karume, 1905, na ya Barack Obama, 1961. Pelé naye: cheti kinasema 21 Oktoba 1940, mwenyewe akisema 23. Kama mfalme wa mpira hakuelewana na karani, mvuvi wa Tumbe afanyeje?

Mpwa wangu yeye hana shaka. Alizaliwa hospitali, ana kadi, ana saa na dakika: tarehe 22 Oktoba. Na kwa kuwa ana simu, amegundua kuwa ni siku ya Maalim Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943, na ya Arsène Wenger, wa 1949, aliyeifundisha Arsenal kuanzia 1996 hadi 2018. Juu ya hayo, akasema, siku yake imekaa katikati ya siku mbili za Pelé. Aliyatangaza haya kibarazani kwa sauti ya mtu anayegombea jimbo. Wazee waliitikia kwa heshima jina la kwanza. La pili lilileta swali moja tu: "Huyo Wenga ni wa Mtambwe ipi, Kaskazini au Kusini?"

Kosa lake ni kutangaza. Vijana wanaosoma Unguja na Dar es Salaam wametuletea desturi ya kumpongeza aliyezaliwa kwa kummwagia ndoo za maji, na mwenye kupendwa sana huongezewa unga wa ngano na mayai. Mchana wa tarehe 22 walimvizia nyuma ya choo. Alipoona ndoo alitimua mbio, na kwa akili za mtu anayekimbia akakatisha uani, palipotandikwa majamvi ya shangazi, karafuu ya siku ya tatu, imebaki kidogo tu iingie guniani. Ndoo ya kwanza ilimkosa. Ya pili ilimkosa. Unga na mayai havikumkosa, ila vilimzidi, vilivyobaki vikatua jamvini.

Mtoto mdogo aliyekuwa mlangoni aliona maji yanaruka, akafanya alichofundishwa: "Mvua! Shangazi, mvua!"

Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa. "Leo sidanganyiki," alisema, na akaendelea kukuna mpaka akamaliza nazi ya pili.

Alichokikuta alipotoka sitakieleza chote. Karafuu, maji, unga na mayai vilikuwa vimeshikana madonge madonge, na kuku walikuwa wameshaanza kufanya tathmini. Hakupiga kelele, na hapo ndipo vijana walipoogopa. Aliwaletea mabakuli na taa, akawakalisha mkekani pamoja na mwenye sherehe, wakaanza kuokota punje moja moja, kuipangusa kwa kitambaa, kuitia upande. Usiku kucha hakuna aliyesinzia, maana shangazi alikaa mbele yao na sufuria lake, chini limejaa masizi, ameliweka mapajani.

Hukumu ilitoka alfajiri na bado inatumika: kwetu hakuna anayezaliwa mpaka karafuu iuzwe. Kwa hiyo nawe msomaji uliye wa Oktoba au Novemba, ukifika Konde msimu huu na vijana wakakuuliza tarehe yako, taja Januari mosi. Utaingizwa kundi moja na wazee wa kibarazani, na hakuna kijana wa Pemba aliyethubutu bado kumwagia mzee ndoo ya maji.