Mjusi Mwenye Jua Lake

Huko Marekani na Uingereza hufugwa majumbani mjusi mwenye ndevu, asili yake nyika kavu za Australia, ambaye anaishi vizuri kuliko wapangaji wengi. Chumba chake cha kioo kina urefu wa sentimita 120. Upande mmoja taa humwotesha jua la nyuzijoto 40. Upande wa pili ni kivuli cha nyuzijoto 25, bwana akichoka kuota. Taa nyingine humpa miale ya urujuanimno ili mifupa isilegee, na hubadilishwa ikipungua nguvu hata kama bado inawaka. Kinyesi huzolewa kila siku. Kila baada ya muda chumba kizima huhamwa, husuguliwa na kutiwa dawa, naye akisubiri pembeni kama mkaguzi wa afya. Mjusi wetu wa ukutani hula mbu bure, na ujira wake ni fagio.

Haya, kila mtu na mgeni wake. Ila hili si mzaha: mijusi hubeba vijidudu vya ugonjwa viitwavyo salmonela. Ukishamsafishia, nawa kwa sabuni, na vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni.