Jinsi ya Kuinasa Risasi kwa Maziwa

Mwongozo huu ni wa mkaazi wa Magongo au Mikindani, Mombasa, au popote pengine palipowahi kuyeyushwa betri kuukuu, anayetaka kuyaondoa madini ya risasi majini. Mahitaji: maziwa, tindikali, moto na subira. Kitakachokwisha mwanzo ni subira.

Hatua ya 1: Usichemshe maziwa. Mamako alikufunza kinyume, na kwa chai alisema kweli. Lakini protini tunayoitafuta, beta-laktoglobulini, iko kwenye yale maji ya kijanikijani yanayojitenga maziwa yakigandishwa jibini. Maziwa yakichemshwa kwanza, sehemu kubwa ya protini hiyo hugandamana na protini nyingine.

Hatua ya 2: Itenge protini hiyo kutoka kwenye maji hayo, itie tindikali hadi pH ifike 2, kisha ipashe kwa nyuzijoto 90 kwa muda wa saa tano hivi. Sufuria ya wali isihusishwe. Hii ni kazi ya maabara.

Hatua ya 3: Kaa kando. Protini hukunjuka, hukatika vipande, na vipande hushikana vyenyewe ubavu kwa ubavu, kama ukili unaojisuka bila msukaji. Huzaliwa nyuzi zenye unene wa nanomita chache tu na urefu unaozidi unene huo mara mamia hata maelfu. Hazihitaji msimamizi.

Hatua ya 4: Changanya nyuzi na mkaa maalumu wa kuchujia, kisha pitisha maji. Mwaka 2016, Sreenath Bolisetty na Raffaele Mezzenga wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha chujio la namna hii likinasa zaidi ya asilimia 99 ya risasi. Metali hung'ang'ania asidi amino za protini, maji yakaenda zake.

Hatua ya 5: Usilitwike chujio mzigo usio wake. Halifiki kwenye udongo wanakochezea watoto, wala kwenye mifupa, ambako risasi hukaa miaka na miaka. Wakaazi wa kijiji cha Owino Uhuru, jirani zetu, wanalijua hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na nyumba zao kilifungwa mwaka 2014, sumu ikabaki. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa humo. Mwanawe alipopatikana na risasi mwilini, akasimama kuwatetea wanakijiji. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hatua ya 6: Rudi mwanzo wa mambo. Uliza nani aliruhusu tanuri lijengwe ukutani mwa nyumba za watu. Dai udongo upimwe na usafishwe, na watoto wapimwe damu. Kisha wape vijana wetu wa kemia maabara ya kutengenezea nyuzi hizi papa hapa Changamwe, maana ni ugunduzi wa kupendeza na maji safi ni haki yetu. Ila popote tanuri linapowaka, lizimwe kwanza, ndipo maziwa yainjikwe.