Kadhia ya Dayodi Matwebe

Katika vyombo vyote viwezavyo kumfedhehesha binadamu mbele ya hadhara, sidhani kama kipo kiishindacho amplifaya ya gitaa, kwa kuwa vingine vikiharibika hunyamaza kwa staha, ilhali hiki huharibika kwa makelele, tena aghalabu huchagua saa ambayo wakwe wamekwisha kuketi, keki imewekwa mezani, na mshereheshaji ameomba utulivu. Ya kwaya yetu hapa Matwebe ilikuwa na tabia hiyo tangu tuifahamu. Lakini haki yapasa isemwe, kwamba haikufika kilele cha utovu wa adabu mpaka siku ilipotibiwa.

Ni sanduku la mbao, zito kiasi cha kuwagombanisha vijana wawili walibebao kabla hawajafika barabarani, na lilinunuliwa Mbeya kwa bendi ya dansi iliyokuwa ikigawana mali zake. Bamba la jina lilikwisha kung'oka, hivyo nasaba yake haijulikani. Ila ndani yake mlikuwa na valvu za kioo zilizowaka rangi ya chungwa, na mojawapo, iitwayo 5Y3, haikuwa na kazi ya kukuza sauti hata kidogo. Umeme wa ukutani, kama ijulikanavyo, huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, nao hauwafai watumishi wengine wa sandukuni mpaka uelekezwe njia moja; na mwelekezaji ndiye huyo 5Y3, kwa kanuni aliyoifanyia kazi Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, ya kwamba waya ulioshika moto ndani ya chupa isiyo na hewa huupisha umeme ukija upande mmoja na kuukatalia ukitaka kurudi.

Valvu hiyo ilikuwa na ila mbili. Ya kwanza ni ulafi: ilikula volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10, kwa ajili ya kujipasha moto tu. Mahali pengine hiyo ingekuwa hasara, lakini huku kwetu chini ya Mlima Rungwe, ambako mwezi Julai ukungu huingia hadi ndani ya mifuko ya koti, ilihesabika kuwa ni huduma, na mzee wetu wa besi alikuwa hapigi noti hata moja kabla hajaiweka mikono yake nyuma ya sanduku na kuzungumza habari za mvua kwa muda aupendao. Ya pili ni uvivu: umeme ukipita kwake ulipungua volti 60 hivi pindi mzigo ufikapo miliampea 125, na kadiri mpigaji alivyozidi kuzitandika nyuzi, ndivyo ulivyozidi kupungua, hata sauti ikainama kidogo kama mtu apishaye mkubwa njiani, kisha ikainuka taratibu. Kijana wetu wa gitaa la solo, aliyejifunza kwa kuitegea redio sikio aipate Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, bendi ile iliyofika hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alikuwa amekwisha kuvizoeza vidole vyake kuinama huko, naye alijua kwa hakika ni wapi sauti itazama; na kila noti asiyoiamini aliitupa humo, ikazikwa pasipo mashahidi.

Ikafa valvu. Zatengenezwa hata leo, Urusi na Slovakia na Uchina, lakini hapana hata moja iliyowahi kuteremka stendi ya Tukuyu, na gharama ya kuiagiza ilipotajwa kikaoni, mhazini alikaa kitako upya ingawa alikuwa ameketi. Ndipo kamati ikaazimu kumwendea fundi kijana atengenezaye redio mjini, nami nikatumwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Amplifaya yetu inasemaje?"

"Haisemi. Lakini hiki kioo msikisumbukie. Nakutilia dayodi, dawa moja kwa moja. Hata huko kwa wenyewe wameviacha."

Kauli hiyo ilikuwa na ukweli nusu, na nusu ndiyo hatari: kampuni ya Fender ya Marekani ilitia dayodi za silikoni katika Twin Reverb iliyotoka mwaka 1963, hali ndugu yake mdogo, Deluxe Reverb, aliachiwa valvu yake. Lakini nani wa kubishana na fundi ambaye amekwisha kuifunua koleo? Aliizungushia valvu kitambaa, akaibana, kioo kikalia mara moja na kwisha. Akakwangua akabaki na kitako chenye nafasi nane za miguu mkononi. Umeme ulikuwa umekatika, basi chuma cha kulehemu kilipata moto katika jiko la mkaa, na kwa chuma hicho akaunganisha mguu wa 4 na wa 8, kisha wa 6 na ule ule wa 8, kila njia kwa dayodi tatu za 1N4007 zilizopangwa mfululizo. Moja ingalitosha kwa hesabu, kwa maana huhimili volti 1,000, na transfoma yetu ya volti 350 kila upande huisukumia nyuma volti 990. Lakini fundi alisema hawezi kuiacha roho ya kwaya ikining'inia kwa volti 10. Nilimheshimu sana kwa neno lile, na laiti angaliwafikiria na wengine waliokuwamo sandukuni.

Jioni ya mazoezi tulitambua kwamba tumeletewa umeme usiojua kupisha wakubwa. Dayodi hupunguza volti moja tu, au mbili tatu zikipangwa kama zile zetu, na hazijali unapiga kwa upole ama kwa hasira. Sauti ikatoka imenyooka, safi, na kila noti ikasimama peke yake mbele ya watu na kujitaja jina. Mwenyekiti, ambaye kwa miaka yote alikuwa akisifu solo kwa kufumba macho, aliyafumbua. "Hiyo ya mwisho, kaka, ni ya wimbo huu?" Kijana akajibu kwamba ni amplifaya. Amplifaya ikapiga kimya. Na mzee wa besi, aliyekwisha kuiweka mikono mahali pake pa desturi, aliiondoa, akaitazama, akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo si la kwaya.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Alasiri nzima umeme ulikuwa hafifu kwa sababu ya mashine ya kusaga iliyo jirani. Saa kumi na mbili mashine ikazimwa, umeme ukapata nguvu kwa ghafula, na saa hiyo hiyo ndipo mshereheshaji alipotuashiria tuwashe. Sasa, valvu za kukuza sauti huchukua muda kupata moto, na kabla hazijapata hazinywi kitu. 5Y3 marehemu, ingawa aliwatangulia kuamka, naye alikuwa na kitambo chake kidogo cha kujinyoosha, lakini dayodi haina usingizi. Ikamimina zaidi ya volti 490 katika kapasita iliyoandikwa ubavuni, kwa herufi za kusomeka hata na mhazini asiye na miwani, volti 450.

Mlio ulikuwa wa gobori. Mfuniko wa nyuma ukafyatuka, moshi mweupe ukapanda, na vipande vya karatasi iliyopakana na bati jembamba la rangi ya fedha vikaruka juu, vikazunguka, vikawashukia maharusi mabegani. Palipita kimya kifupi ambacho ndani yake niliwaza njia ya migombani. Kisha shangazi wa bwana harusi akapiga kigelegele, wakamwitikia wote, na mshereheshaji, Mungu amzidishie, akanguruma: "Ahsanteni kwaya kwa fataki!" Tulitunzwa noti nyingi kuliko siku zote tulizoimba, na tukaimba zilizobaki kwa midomo mitupu.

Fundi alirudi na kapasita mpya, pamoja na rezista ya omu 470, nene, ya wati 10, aliyoifunga baada ya dayodi ili umeme upungue kadiri mzigo unavyozidi, yaani ili uwe mvivu tena. Mzee wa besi aliigusa ikiwa kazini, akakiri kwamba joto limerudi, ila si lote. Solo nayo ikapata pa kuzika. Lakini kikaoni mhazini aliweka mezani karatasi mbili za madai, ya kwanza "kuongeza nguvu" na ya pili "kupunguza nguvu", akataka kujua kwa nini zisifutane.

Hatujafikia muafaka, maana katikati ya hoja aliingia baba mmoja kutoka Katumba, akavua kofia, akasalimia wazee kwa "ndaga" ya taadhima, akasema ana binti anayeolewa mwezi ujao, na habari zetu amezisikia. Nyimbo atakubali zozote, ila fataki zile ni kiasi gani? Mhazini akanitazama, nami nikamtazama fundi, na fundi akatoa penseli sikioni akaanza kupiga hesabu.